Mama Siyo na Kuku wa Miguu Minne

Tuliombwa wasifu huu uwe mfupi na mtamu. Ufupi tumejitahidi. Utamu hatuahidi, maana tunayemzika leo hakuwa peremende. Anayeusoma ni wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume, aliyeishi naye ua mmoja, akagombana naye ua mmoja, na akapatana naye hapo hapo. Kwa hiyo mkisikia mtu ameguswa humu, mjue hakuguswa kwa bahati mbaya.

Marehemu, ambaye wengi wenu hamna habari kama aliwahi kuitwa kitu kingine zaidi ya Mama Siyo, alizaliwa tarehe 9 Juni 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha pili kutoka kwenye tangi la maji. Baba yake alilinda kivuko, pale barabara inapokata reli. Kazi yake ilikuwa kushusha kizuizi treni ikikaribia na kukiinua ikishapita. Mama yake alifua nguo za watu. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano, na wa kike peke yake. Nyumba ile ilikuwa na sheria moja iliyozipita zote: baba akilala mchana baada ya zamu ya usiku, mtoto hapumui kwa sauti. Wakajifunza kuongea kwa macho na vidole. Kaka yake mkubwa, yule pale mbele mwenye kofia, anaweza kuwaonyesha hadi leo ishara ya "leta maji" na ile ya "mzee ameamka, kimbia." Majirani waliwasifu wazazi: "Jamani, watoto wenu wana adabu! Mtu haamini kama humu ndani mna watoto." Mama Siyo alipolisimulia hilo ukubwani, wengine walicheka, yeye hakucheka. Alisema, "Tulikuwa watoto watano, tukasifiwa kwa kutokuwepo."

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza sekondari mwaka 1975. Msidhani alikuwa mbishi tangu hapo. Alikuwa mwanafunzi ambaye kila mwalimu humtamani: anakaa wima, anaitikia, anakariri. Alipata zawadi ya sanduku la kalamu kwa kusema shairi refu bila kukwama, na alipoulizwa na mgeni rasmi shairi lile lilihusu nini, alianza kulisema tena kutoka mwanzo. Hilo alilisimulia mwenyewe, kwa uchungu kidogo. Alisema alitoka darasa la kwanza hadi la mwisho bila kutamka darasani sentensi hata moja iliyotoka kichwani mwake. Somo alilokuwa hafai kabisa lilikuwa kuchora. Mwalimu wake aliwahi kuinua karatasi yake mbele ya darasa na kuuliza kama kile ni kiti au ni ng'ombe. Kilikuwa baiskeli.

Mwaka 1977 alisomea ualimu wa watoto wadogo, na Januari 1978 akaajiriwa katika darasa la awali la shule iliyo nyuma ya soko. Chumba chenyewe kilikuwa na mikeka miwili, ubao uliopasuka katikati na madirisha yaliyo juu kuliko uwezo wa mtoto kuchungulia. Huko alifundisha kama alivyofundishwa. Anainua kadi ya picha.

"Mnaona nini?"

"Mbuziii!"

"Mbuzi anafanya nini?"

"Anafanya niniii!"

Wote kwa pamoja, kwa sauti moja nzuri, na wageni wa shule wakija wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Miaka ikaenda hivyo.

Ndoa yake ilitokana na dawati. Mwaka 1980 shule ilimwita fundi seremala kurekebisha madawati ya darasa la pili, na fundi yule alipomaliza alijipongeza kwa sauti: "Hili sasa limenyooka kuliko lilivyotoka kiwandani." Mwalimu wa awali alikuwa akipita. Aliweka chaki juu ya dawati, chaki ikabingirika mpaka ikaanguka. Fundi aliitazama chaki, akamtazama mwalimu, akacheka mpaka akakaa chini. Wiki iliyofuata alirudi kutengeneza dawati ambalo halikuwa na ubovu wowote. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa watoto watatu, wa kiume wawili na binti mmoja. Fundi ndiye mtu pekee duniani aliyemwita mkewe "Kimya wangu", na alikuwa akilisema jina hilo akiwa tayari ameshaanza kukimbia. Alitutangulia mwaka 2012. Karakana yake ipo ile ile, mnaijua.

Sasa tufike kwa kuku, maana bila kuku hakuna Mama Siyo.

Mwaka 1986, baada ya likizo ndefu, kabati la darasa la awali lilifunguliwa ikakutwa kadi zote za picha zimeliwa na mchwa. Mwalimu akachukua ubavu wa boksi la sabuni na kipande cha mkaa, akaketi kuchora mwenyewe. Na mnakumbuka tulivyosema kuhusu baiskeli. Alianza kuchora mbuzi. Alipomaliza miguu yote minne akakumbuka kuwa somo la siku ile ni kuku. Boksi lilikuwa moja tu. Akajiambia, hawa watoto hata wakionyeshwa tembo wataitikia, akaweka juu ya ile miguu kichwa cha kuku, mkia wa kuku na kishungi, akalitundika ukutani.

"Mnaona nini?"

"Kukuuu!"

"Kuku anafanya nini?"

"Anafanya ni..."

"Siyo," ikasema sauti kutoka nyuma.

Darasa zima likageuka. Alikuwa binti wa fundi viatu, mtoto ambaye tangu aandikishwe alikuwa akijibu kwa kunyanyua nyusi tu.

"Siyo, mwalimu. Kuku ana miguu miwili. Huyu akikimbia atajikwaa."

"Hajikwai!" akadakia mwingine. "Huyu anakimbia sana. Hata mama hamkamati."

"Hao ni kuku wawili. Mmoja amejificha nyuma ya mwenziwe."

"Amejificha kwa sababu gani?"

"Kuna wageni. Wageni wakija kuku wanajificha."

Mkono wa mwalimu ulikuwa umeshafika kwenye lile boksi ili alitoe kwa aibu. Ukabaki pale pale. Alikuwa amewafundisha watoto hawa tangu mwanzo wa mwaka, na hakujua kuwa mmoja ana kigugumizi, mwingine anasema "kwa sababu" bila kukosea, na wa tatu ni mwongo mwenye kipaji. Angejuaje? Sauti zao alikuwa anazisikia zote pamoja tu. Alikaa kwenye mkeka, akawaacha waseme mpaka kengele ikapigwa, na ilipopigwa hakuna aliyeinuka.

Jioni akamwambia mumewe, "Leo nimekosea kuchora."

"Kwani kuna siku uliwahi kupatia?"

"Sikiliza kwanza, wewe mwanamume." Akamsimulia yote. Fundi akachukua vipande vya mbao nyembamba vilivyobaki kwenye kabati alilokuwa akitengeneza, akavipiga randa hadi vikalainika, akamwekea mezani. Akasema, "Basi kosea tena. Ila kosea kwa makusudi."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yake ya maisha. Walioiona kwa mbali walisema ni mchezo, kwa hiyo tuieleze vizuri hapa, iingie kwenye maandishi. Alitundika mbao nne kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kila ubao na picha yake, na zote nne pamoja zilikuwa hadithi. Lakini hakuzitundika kwa mpangilio. Mtoto analia mtungi umevunjika, halafu mtoto huyo huyo anabeba mtungi mzima. Na ndani ya picha mojawapo kulikuwa na kosa: mtu kavaa viatu mikononi, jua limechomoza chini ya meza, mama anapika jiko liko juu ya paa. Kisha mwalimu anakaa chini na kuuliza, "Hebu nielezeni, mimi sielewi." Hakuwapa jibu hata siku moja. Mtoto akisema neno moja, yeye husema, "Endelea, nina muda." Akisema kwa maneno yaliyovunjika, hamkatizi kumsahihisha, humsubiri amalize, halafu hulirudia lile lile kwa usahihi kana kwamba yeye ndiye anayejifunza. "Aha, kumbe alijikwaa ndipo mtungi ukaanguka?" Na mtoto huitikia, "Ee, alijikwaa ndipo ukaanguka," na sentensi imeshakuwa yake.

Kuchora kosa nako kulikuwa na ufundi wake. Likiwa dogo mno, watoto hawalioni, wanabaki kutaja majina: mti, nyumba, mbuzi. Likiwa kubwa mno, wanacheka tu na kugaagaa. Sharti liwe kosa ambalo mtoto anaweza kulikamata mwenyewe na bado akahitaji maneno kulieleza. Usiku mzima angeweza kufuta na kuchora upya sikio la punda.

Watoto wakaanza kusema. Hapo ndipo matatizo yalipoanza, maana mtoto akishajua kusema hachagui pa kusemea. Baba mmoja alikuwa akimwambia mgeni sebuleni kuwa sigara ameziacha tangu mwaka juzi. Mwanawe wa miaka mitano akasema, "Siyo, baba. Unavutia chooni." Bibi mwingine alikuwa akiwakaribisha jamaa kwa bashasha, "Jamani, nimefurahi mmekuja!" Mjukuu akamrekebisha, "Siyo, bibi. Ulisema, hawa nao wamezidi." Mtaa mzima ukawa unaishi kwa tahadhari. Ndipo jina Mama Siyo lilipozaliwa, na lilitolewa kama tusi. Yeye alilipokea kama cheo.

Malalamiko yalifika kwa mwalimu mkuu, na tarehe 22 Novemba 1991 ukaitishwa mkutano wa wazazi humo humo darasani mwake. Aliyesema zaidi alikuwa mama mwenye duka la vitambaa. "Mimi nililipia mwanangu afundishwe kusoma," alisema. "Kubisha angejifunza bure kwa baba yake." Watu wakacheka, na wakapiga makofi. Mwalimu mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitaka jambo liishe. Akamgeukia Mama Siyo.

"Mwalimu, hapa hakuna anayekuchukia. Sema tu mbele ya wazazi kwamba ulikosea, tutundue hizo mbao, turudi kwenye kadi za wizara. Yaishe."

Mama Siyo alisimama. Waliokuwepo wanasema aliogopa, na ni kweli, kwa sababu kazi ile ndiyo aliyoijua, na mwanawe wa tatu alikuwa bado ananyonya. Angeweza kusema neno moja na kurudi nyumbani na mshahara wake.

"Kuchora nimekosea," alisema, "na kesho nitakosea tena. Kufundisha sijakosea."

Akazibandua mbao moja moja, akavirudisha vibanio kwenye mfuko wa gauni, akazikumbatia mbao kifuani, akatoka. Kesho yake alipofika getini aliambiwa asiingie.

Hapa tusimame kidogo. Juzi shule ilileta shada la maua, zuri, tunashukuru. Na shada lile lilikuja na ombi kuwa katika wasifu tuandike kwamba marehemu alistaafu. Kaka mkubwa wa marehemu, kwa nia njema, akamwendea mwandishi, ndiye huyu anayewasomea, jikoni.

"Shemeji, andika tu alistaafu. Ni neno dogo. Watu wakae kwa amani siku ya leo."

"Kama ni dogo, shemeji, mbona wanalitaka sana?"

Akaomba chai. Kwa hiyo tunaandika: hakustaafu. Alifukuzwa, akiwa na miaka thelathini na minne, kwa kosa la kuwafanya watoto waseme. Shada tumelipokea na lipo pale karibu na jeneza. Neno lao hatukulipokea.

Kutoka siku ile alihamia karakana ya mumewe. Walianza watoto wanne, na wawili kati yao walikuwa wa wifi yake, walioletwa kwa amri na wala si kwa kupenda kwa mama yao, maana wifi naye siku hizo alikuwa na mashaka yake. Watoto waliketi juu ya maranda ya mbao, mbao za picha zikaning'inia kwenye kamba kati ya msumeno na dirisha. Fundi akakubali asubuhi zote zisiwe na nyundo. Wateja wakalalamika vitanda vinachelewa. Yeye akawajibu, "Mtalala tu, usingizi hauna haraka." Wakati mwingine alisahau kazi kabisa, akasimama na patasi mkononi kubishana na watoto wa miaka minne kama punda wa kwenye picha anapanda au anashuka.

Kilichowarudisha wazazi kilikuwa sikio. Mama wa duka la vitambaa, yule yule wa makofi, alikuwa na mtoto mdogo wa kiume ambaye baba yake alimpeleka karakana bila kumwambia mkewe; mama alidhani mtoto yuko kwa shangazi. Siku moja mtoto akaamka analia na sikio. Huko zahanati, daktari akainamisha kichwa cha mtoto, akamulika sikio la kulia, akasema limevimba kidogo, akaanza kuandika dawa ya matone.

"Siyo hilo," mtoto akasema.

"Nyamaza, daktari anafanya kazi," mama akasema.

"Siyo hilo, daktari. Hilo liliuma zamani likapona. Linalouma ni hili. Niliingiza harage ili nione kama litaota, halafu likazama, halafu nikamwambia dada alitoe na mswaki, ndipo likazama zaidi."

Daktari akaweka kalamu chini. Akageuza kichwa cha mtoto, akamulika upande wa pili, akachukua kibano chembamba, akatoa harage. Lilikuwa limeanza kuvimba. Akamwambia mama, "Watoto wengi hapa hulia tu. Huyu nani kamfundisha kueleza?" Hilo nalo mtoto ndiye aliyelijibu: ni Mama Siyo, karakana.

Mchana ule ule mama wa duka alisimama mlangoni mwa karakana, mtandio umekaa upande.

"Mwalimu, bado una nafasi? Ninaye mwingine nyumbani. Wa kike."

"Anabisha?" Mama Siyo akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye mbao.

"Bado."

"Mlete."

Hakumkumbusha habari ya mkutano, hata kwa jicho. Wifi yake alimkumbusha, tena mara kadhaa, lakini huo ni wasifu wa mtu mwingine. Tangu hapo karakana haikupungukiwa watoto, na mkiwatazama walioketi hapa leo wenye suti na wenye ovaroli, wengi maranda yale wanayajua kwa makalio yao.

Ugonjwa ulianza mwaka 2019. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na hospitali ikasema moyo umepanuka. Daktari alimpa vidonge na agizo: apunguze chumvi, apunguze ngazi, apunguze kuongea. Chumvi alipunguza. Ngazi hatukuwa nazo.

Lakini kilichomkosesha usingizi hakikuwa moyo. Ilikuwa ni nani atakayeshika kamba. Watoto wake watatu wana kazi zao, na mmoja alimwambia waziwazi, "Mama, mimi watoto wadogo nawapenda wakiwa wamelala." Aliyebaki ni Kidoti, tunamwita hivyo kwa ajili ya alama iliyo shavuni mwake. Alikuwa mmoja wa watoto wa kwanza wa karakana, na sasa ni mchora mabango. Vichwa vilivyonyolewa kwenye ukuta wa kinyozi, samaki wa kwenye bucha, yule simba wa duka la rangi, ni mkono wake. Miaka mitatu alikuwa akija asubuhi kumsaidia mwalimu, na tatizo lake lilikuwa moja, nalo lilikuwa kubwa. Alichora vizuri mno.

Kidoti akitundika ubao, watoto hufungua midomo na kusema, "Ooo." Basi. Wananyamaza na kutazama. Anachora ng'ombe mpaka unataka kumkamua, sasa nani atabishana na ng'ombe kama yule? Akijaribu kuweka kosa, mkono unakataa. Mtu mwenye kazi ya mabango akikosea hupaka upya kwa gharama yake, na miaka yote hiyo ilikuwa imemwingia kwenye vidole. Anaweka kosa, kabla rangi haijakauka amelirekebisha.

"Mwanangu, unanimalizia darasa," Mama Siyo alimwambia. "Unawapa picha ambayo imeshasema kila kitu. Wao waseme nini?"

"Nitajifunza, mwalimu."

"Lini? Mimi sina akiba ya miaka."

Mwezi Julai mwaka huu wa 2024 alilazwa, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Wauguzi walimkataza kuongea, naye akawaambia wamkataze kwa maandishi. Ukutani palikuwa na bango la vyakula vya kujenga mwili. Siku ya tatu, wagonjwa wa vitanda vyote walikuwa wanabishana kwa nini yai lile limechorwa kubwa kuliko papai, na bibi mmoja aliyepasuliwa goti, ambaye hakuwa amezungumza na mtu tangu alazwe, alieleza wodi nzima habari za bata aliyemfuga akiwa msichana. Kidoti alikuja kila jioni na ubao mpya chini ya kwapa. Mama Siyo aliutazama kila mmoja, akaurudisha.

"Mzuri. Hauna kazi."

Akiondoka Kidoti, mgonjwa aligeukia ukuta. Wifi yake alimkuta hivyo mara moja, akamwambia, "Wifi, karakana ikifungwa haitakuwa mwisho wa dunia."

"Itakuwa mwisho wa kelele," alisema, "na mimi nimekulia nyumba isiyo na kelele. Naijua."

Tarehe 1 Septemba, Kidoti alikuja akiwa amechelewa, rangi bado iko kwenye kucha. Akaweka ubao juu ya shuka. Safari hii alikuwa amechora karakana yenyewe. Kila kitu mahali pake: msumeno, dirisha, kamba na vibanio, maranda sakafuni, Mama Siyo mwenyewe ameketi na gauni lake la mifuko mikubwa, watoto mbele yake. Mama Siyo alivaa miwani. Akatazama. Akahesabu meno ya msumeno, akaangalia kivuli cha dirisha, akaangalia miguu yake mwenyewe kama iko miwili.

"Mzuri. Hauna kosa."

"Lipo," Kidoti akasema.

"Nionyeshe."

"Sijui, mwalimu. Mimi sielewi. Nielezee wewe."

Mama Siyo alimtazama binti yule juu ya miwani. Akarudi kwenye picha. Wagonjwa wa jirani wakainua shingo. Mara akapiga shuka kwa kiganja.

"Siyo! Siyo, siyo, siyo! Hawa watoto wamefunga midomo! Wamekunja mikono kama wako mahakamani! Darasa langu halijawahi kukaa hivi hata siku moja, hata dakika moja. Huyu wa mbele angekuwa amesimama, anamwambia huyu kuwa anadanganya, na yule wa kona angekuwa anataka kwenda kukojoa lakini hataki kupitwa na hadithi, na mimi nisingekuwa nimekaa, nani amekudanganya kuwa mimi nilikuwa nakaa..."

Alisema mpaka pumzi ikamwishia, na alicheka mpaka muuguzi akaja mbio kuangalia kuna nini. Bibi wa goti akamwambia muuguzi, "Mwache. Anafundishwa." Mama Siyo alipopata pumzi alimvuta Kidoti kwa mkono wenye rangi, akamwambia, "Kamba ni yako." Usiku ule alilala vizuri.

Alifariki dunia tarehe 3 Septemba 2024, saa nane mchana, binti yake akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, kaka zake wawili, mdogo wake mmoja, wifi mmoja ambaye hatapata tena mtu wa kiwango kile wa kugombana naye, na Kidoti, ambaye kwa uamuzi wa familia ameketi leo kwenye benchi la watoto wake. Ameacha pia watu wazima na wadogo waliopitia mikononi mwake, ambao hatuwezi kuwataja maana wengine wangebisha mpangilio.

Yapo mambo mawili ya kumalizia. Wapo waliosema watoto wasije makaburini, na wakija wanyamazishwe. Watoto wamekuja. Wanauliza maswali tangu asubuhi, na kila mmoja amejibiwa. Wapo pia walioanza kuulizia karakana kama inapangishwa, tena waliulizia kabla mwili haujatoka hospitali. Tumewasikia. Haipangishwi, haiuzwi, na haigeuzwi stoo ya saruji ya mtu yeyote. Kamba imeshafungwa upya, na Kidoti amechora mbao nne mpya. Tumeziona. Ni mbaya ajabu.

Mungu ampokee Mama Siyo, na apumzike kwa amani. Darasa ni Jumatatu, saa mbili asubuhi, karakana ile ile. Leteni watoto.